Shauri la Mtu Baki: Historia ya Kuwauliza Wasiojulikana Mambo ya Nyumbani

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mambo ya unyumba yamehesabiwa kuwa siri, na anayeyatoa nje ameonekana kuwa amewavua nguo wenziwe mbele za watu. Lakini ni kosa kudhani kwamba kwa sababu hiyo mashauri yote ya ndoa, malezi na ukwe yalitolewa na wazazi na ndugu wa damu peke yao. Mila zenyewe zilitambua kwamba yapo mambo ambayo jamaa wa karibu hawezi kuyasikia bila kuona haya, wala kuyaamua bila kupendelea, na kwa hiyo zilitenga nafasi ya mtu baki, yaani mtu asiyekuwa wa ukoo, au aliyekuwa wa ukoo lakini akasimama kando kidogo ya nyumba inayohusika, ambaye angeweza kuambiwa yale yasiyosemeka kwa mama. Historia ya watu wanaoandika leo matatizo ya ndoa zao kwenye intaneti, wakajibiwa na wasiowajua kwa sura wala kwa jina, inaanzia kwenye nafasi hiyo, na jambo linalostahili kufuatiliwa ndani yake si kujificha kwa anayeuliza, ambako ni kwa zamani sana, bali ni namna anayejibu alivyoendelea kufifia hadi akatoweka.

Katika miji ya Waswahili, msichana aliyevunja ungo aliwekewa somo, ambaye mahali pengine huitwa kungwi, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha usafi, adabu na mambo ya chumbani, naye kwa kawaida hakuwa mama yake mzazi, kwa kuwa mazungumzo ya aina hiyo kati ya mama na mwana yalionekana kuwa ni kukosa staha. Kazi yake haikwisha siku ya harusi, kwani mke aliyegombana na mumewe angeweza kumwendea somo wake kabla ya kurudi kwao, na mara nyingi ugomvi ulizimwa hapo hapo bila wakwe kujua kwamba uliwahi kuwaka. Kwa Baganda nafasi hiyo ilishikwa na ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, aliyepewa jukumu la kumwandaa binti wa kaka yake kwa ndoa na kumsikiliza baadaye. Katika bara la Tanzania ulikuwapo tena utani, uhusiano wa makabila au koo uliomruhusu mtani kumwambia mwenziwe ukweli mchungu, hata msibani, pasipo mtu kukasirika. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, kwa mfano, ulistawi katika misafara ya biashara ya karne ya 19. Watu hawa wote walifanana kwa jambo moja zito: walijulikana. Somo alikuwa na jina, nyumba na sifa ya kulinda, na ndoa ya mwari wake ilipoharibika, lawama ilimfikia na yeye.

Maandishi nayo yaliingia mapema katika kazi hii. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga mnamo 1858 utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima, juu ya dini, adabu na maisha ya mke kwa mumewe. Wosia huo ulielekezwa kwa mtu mmoja, lakini ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu na kukaririwa na wanawake ambao hawakuwa na nasaba yoyote na mtungaji, nao wakachukua humo walichokihitaji kwa ajili ya nyumba zao. Msomaji huyo wa pembeni, anayenufaika na shauri lisilomlenga yeye, atakutana na mtafiti katika kila hatua ya historia hii, na pengine ndiye aliyefaidika nayo kuliko wote.

Hatua ya kwanza inayojulikana vizuri ya kumgeuza mtu baki kuwa mtu asiyejulikana kabisa ilipigwa mbali na pwani hii, jijini London. Mwezi Machi 1691 muuza vitabu John Dunton alianza kutoa gazeti la karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, lililokuja kujulikana kama Athenian Mercury, ambalo lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kujibu maswali ya wasomaji. Maswali yalipelekwa kwenye mkahawa mmoja wa jiji hilo, na njia ya kuyapeleka ilikuwa imeshafunguliwa miaka 11 kabla, pale ilipoanzishwa posta ya peni moja, huduma ya binafsi iliyomwezesha mtu yeyote kutuma barua ndani ya London kwa bei nafuu inayolipwa na mtumaji. Bila posta hiyo gazeti lingekosa pumzi, kwa sababu mtu mwenye siri hataki kuonekana akiibeba kwa mkono wake hadi mlangoni mwa anayemshauri.

Wasomaji waliuliza mambo ya elimu ya maumbile na ya dini, lakini upesi yakaongezeka yale ya nyumbani: kama ahadi ya ndoa iliyotolewa faraghani inamfunga mtu, kama mume ana haki ya kumpiga mkewe, kama inafaa kuoa kwa ajili ya mali, na mtoto afanye nini wazazi wanapomchagulia mchumba asiyempenda. Majibu yalitolewa kwa jina la Jumuiya ya Waathene, iliyotangazwa kuwa mkusanyiko wa mabingwa wengi wa elimu mbalimbali, ilhali waliofanya kazi yenyewe walikuwa hasa watatu: Dunton, mwalimu wa hisabati Richard Sault, na kasisi Samuel Wesley, ambaye alikuwa ameoa dada wa mke wa Dunton na ambaye baadaye alimzaa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Hivyo tangu mwanzo pande zote mbili zilivaa barakoa, ila barakoa ya mshauri ilikuwa na mmiliki mwenye duka, ambaye angeweza kufuatwa na kudaiwa maelezo. Mwaka 1693 lilitolewa pia gazeti dogo la maswali ya wanawake, Ladies' Mercury, lililotoka mara nne tu, na Athenian Mercury lenyewe lilifungwa mwaka 1697.

Sababu iliyolifanya gazeti hilo lihitajike inaeleza pia mengi yaliyofuata. London ya wakati huo, yenye wakazi waliokaribia au kupita nusu milioni, ilijaa vijana waliotoka mashambani kuja kujifunza ufundi au kufanya kazi za ndani, nao walikuwa mbali na wazazi, shangazi na padri wao wa kijijini. Kila mahali desturi ya kuwauliza wasiojulikana iliposhamiri, chanzo chake kimekuwa uhamaji zaidi kuliko uchapaji, kwani mtu huanza kutafuta mshauri wa mbali pale yule wa karibu anapokuwa ameachwa nyuma.

Hakuna mfano unaodhihirisha jambo hili vizuri kuliko safu iliyoanzishwa tarehe 20 Januari 1906 jijini New York na gazeti la Forverts, lililoandikwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kati ya 1881 na 1924 Wayahudi wapatao milioni 2 walihamia Marekani, wengi wao kutoka himaya ya Urusi, wakikimbia umaskini na mashambulizi, na kusongamana katika nyumba za kupanga za upande wa kusini-mashariki wa Manhattan. Nyuma yao walikuwa wamewaacha marabi, wazee na bibi ambao zamani wangesuluhisha ugomvi wa mume na mke au wa mama mkwe na mkamwana. Mhariri wa gazeti, Abraham Cahan, aliyezaliwa 1860 karibu na jiji la Vilnius na kufika Marekani 1882, aliipa safu hiyo jina A Bintel Brief, maana yake furushi la barua, na kwa miaka ya mwanzo aliandika majibu mengi kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo yaliyomfikia Cahan yalikuwa ya watu ambao sheria zao za zamani hazikuwa na jibu la maisha yao mapya. Wanaume waliotangulia Marekani peke yao waliuliza wafanye nini sasa wamependa mwanamke mwingine wakati mke wa kwanza yuko kijijini akisubiri tiketi ya meli; wazazi washika dini walilalamika kwamba watoto wao, waliokwisha kujifunza Kiingereza shuleni, wanawaonea haya; vijana wasioamini tena waliuliza kama wasimame chini ya hema la arusi ya kidini ili tu kumridhisha baba. Barua za wake waliotelekezwa zilikuwa nyingi mno hata gazeti likawa linachapisha picha za waume waliotoroka, na mwaka 1911 mashirika ya hisani ya Kiyahudi yalianzisha ofisi ya taifa ya kuwasaka wanaume hao. Wasiojua kuandika walikwenda ofisini kwa Forverts, wakasimulia kwa mdomo, na mtu wa gazeti akawaandikia; kwa hiyo barua nyingine zinazosomeka leo kama sauti ya mama wa nyumbani zimepita kwenye kalamu ya mwandishi wa habari, na mwanahistoria anayezitumia lazima alikumbuke hilo.

Ubora wa Cahan haukuwa katika hekima ya kila jibu, kwa kuwa mengine yalikuwa mafupi na makavu, bali katika kukubali kubebeshwa mzigo. Aliyemjibu mke aliyetelekezwa alikuwa mhariri anayejulikana mji mzima, msoshalisti mwenye msimamo ulio wazi kuhusu dini na kazi, na msomaji aliweza kulipima shauri kwa kumpima mtoaji wake. Gazeti liliuza nakala zaidi ya 200,000 kwa siku katika miaka ya 1920, jambo lenye maana kwamba ugomvi wa chumba kimoja cha kupanga ulisomwa na mji mzima usiomjua mwenye ugomvi, isipokuwa labda jirani aliyejitambua ndani ya barua.

Safu za namna hiyo zilienea duniani kote. Nchini Japani gazeti la Yomiuri lilianzisha yake mwaka 1914, likaisimamisha wakati wa vita, na likairudisha mwaka 1949, nayo haijakoma mpaka leo. Nchini Marekani mapacha wawili, Esther Lederer na Pauline Phillips, walichukua nafasi hiyo mmoja baada ya mwingine, wa kwanza Chicago mwaka 1955 kwa jina la Ann Landers, wa pili San Francisco mwaka 1956 kwa jina la Abigail Van Buren, na kila mmoja akasomwa katika mamia ya magazeti.

Afrika Mashariki iliipokea desturi hii kwa njia ya jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na ambalo kufikia mwishoni mwa muongo huo lilikuwa na matoleo ya Afrika Magharibi na ya Afrika Mashariki. Ndani yake ilikuwamo safu iliyoitwa Dear Dolly, iliyobeba jina na sura ya Dolly Rathebe, mwimbaji aliyepata umaarufu kwa filamu ya Jim Comes to Jo'burg ya mwaka 1949. Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Accra na Lagos waliandika kumuuliza kuhusu mchumba wa kabila jingine, mahari isiyolipika, mimba ya shuleni, na wazazi waliokataa, nao waliamini wanamwandikia mwanamke wa mjini anayeyajua mapenzi, kumbe majibu yaliandikwa na waandishi wa jarida, wengi wao wanaume. Mwanahistoria Kenda Mutongi, aliyezichunguza barua za miaka ya 1960 hadi 1980, ameonyesha jinsi zinavyowafunulia watafiti kizazi kilichokuwa kikijaribu kujipangia uchumba wake, wakati majibu yake mara nyingi yalikuwa yakiwarudisha vijana kwenye tahadhari na utii. Hadaa iliyofanyika hapo haikuwa ndogo. Msichana aliyeandika mambo yake ya mwilini akidhani anasomwa na dada mkubwa alikuwa akisomwa na wanaume wa chumba cha habari, na ni vigumu kuamini kwamba wote wangeandika kama wangejua.

Magazeti ya Kiswahili yalichagua njia ya karibu zaidi na mila. Taifa Leo la Nairobi limekuwa na safu ya Shangazi Akujibu, ambamo mshauri hajipambi kama nyota wa filamu bali anashika kiti cha jamaa ambaye kwa desturi aliruhusiwa kuyasikia mambo hayo. Nchini Uganda mtaalamu wa sheria Sylvia Tamale ameeleza jinsi ssenga alivyotoka uani na kuingia sokoni, akawa mtu wa kulipwa, wa kuandika vijitabu na wa kusikika redioni, huku akimshauri binti asiyekuwa wa kaka yake. Dola pia ilifanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa njia yake: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwamba mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, na baraza hilo si lazima liwe la watu wa ukoo. Baada ya utangazaji kufunguliwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, na simu za mkononi kuenea, redio zikampa mwenye tatizo nafasi ya kusema kwa sauti yake huku wasikilizaji wakipiga simu kumjibu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika eneo hili mshauri alipoacha kuwa mmoja na kuwa halaiki.

Mitandao ya kompyuta ilikuwa imeshafika kwenye hatua hiyo mapema zaidi katika nchi nyingine. Mwaka 1985 ulianzishwa karibu na San Francisco mtandao wa mazungumzo ya maandishi ulioitwa The WELL, na ndani yake wazazi walikuwa na ukumbi wao; Howard Rheingold, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu jumuiya za mtandaoni, ameeleza jinsi kupe alivyokutwa kwenye kichwa cha binti yake, na jinsi maelekezo ya kumtoa yalivyomfikia kupitia mtandao kabla ofisi ya daktari haijarudisha simu. Watu hao, hata hivyo, walitumia majina yanayofahamika wao kwa wao, na wengi walikutana ana kwa ana. Kufikia 1999 gazeti lile lile la Yomiuri lilikuwa na uwanja wa mtandaoni ambamo wanawake walijibizana wenyewe bila mshauri wa gazeti, mwaka 2000 ikaanzishwa Mumsnet nchini Uingereza, na mwaka 2006 nchini Tanzania ukaanza uwanja ambao baadaye uliitwa JamiiForums, uliojulikana sana kwa siasa lakini wenye jukwaa lake la mahusiano na mapenzi. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, gharama zilianza kushuka, na simu ikampa kila mtu mlango wake mwenyewe wa kutokea, ambao mume, mke wala mkwe hawakuuona.

Hapa ndipo mizani ilipobadilika. Tangu mwaka 1691 muulizaji alificha jina, na hilo halikuwa geni. Jipya ni kwamba anayejibu naye hana jina, hana duka wala ofisi, na hatakuwapo kesho shauri lake litakapokuwa limeleta matunda au hasara. Ndani ya mtandao wa Reddit lilianzishwa mwaka 2013 jukwaa ambamo mtu husimulia ugomvi na wasomaji hupiga kura kuamua nani mwenye kosa, na katika hatua hiyo shauri, ambalo somo alilitoa ili nyumba ipone, linageuka hukumu inayotolewa kwa kusikiliza upande mmoja. Katika kumbi za Kiswahili neno jepesi kuliko yote ni la kumwambia mtu aachane na mwenziwe, na wepesi wake unatokana na kwamba anayelisema hatalea watoto watakaobaki.

Pamoja na hayo, itakuwa ni dhuluma kuzihukumu kumbi hizi kwa ubaya wake tu. Mke aliyepigwa usiku, ambaye wazee wa pande zote mbili wamekwisha kumwambia avumilie, anaweza kuambiwa na asiyemjua kwamba achukue fomu ya PF3 kituo cha polisi ili atibiwe na ushahidi uhifadhiwe, kwamba lipo dawati la jinsia na watoto, kwamba afisa ustawi wa jamii anaweza kumsaidia kudai matunzo ya watoto. Elimu hiyo ndugu wengi hawakuwa nayo, na wengine waliokuwa nayo walikuwa na sababu ya kuificha. Kwa mtu huyo kufichwa kwa jina ni ngao ya kweli, na mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Mashtaka hayo hayakuhusu mambo ya ndoa, lakini pazia alilolilinda ndilo lile lile lililomsitiri mke anayeuliza.

Watumiaji wenyewe wamebuni njia ya kati. Katika makundi mengi ya Facebook na WhatsApp, ya Afrika Mashariki na ya Waswahili walioko Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mwenye tatizo humtumia msimamizi wa kundi ujumbe wa faragha akiomba afichiwe jina, na msimamizi huuweka mbele ya wengine kwa niaba yake. Kwa namna hiyo amepatikana tena mtu mmoja anayemjua muulizaji, anayeweza kulikataa swali, kulipunguza makali au kufunga majibu yanapoharibika, kazi ambayo Cahan aliifanya kwa kalamu nyekundu, ingawa msimamizi hana mshahara, mafunzo wala kiapo cha kutunza alichoambiwa.

Aliyesahauliwa katika mpango wote huu ni yule anayezungumzwa. Barua ya mwaka 1906 ilififia pamoja na karatasi iliyochapwa, na aliyeitafuta ilimbidi aende kwenye maktaba. Mazungumzo ya mtandaoni hubaki, hutafutika kwa maneno machache, na mara nyingi hutaja mtaa, umri, ugonjwa na shule. Mtoto ambaye mwaka 2009 mama yake aliandika kwamba anakojoa kitandani, au ambaye baba yake aliwauliza watu kama ni wa damu yake, sasa ni mtu mzima mwenye simu yake mwenyewe, na hakuna sheria ya mila wala ya dola katika nchi za eneo hili iliyotungwa mahususi ili kumpa yeye kauli juu ya maneno hayo.